Wakikuuliza Kwa Nini

Kwa Nasra wangu,

Shikamoo yako nshaipokea asubuhi kabla hujatoka, na marahaba yangu unayo, kwa hiyo tusipotezeane wakati kwa salamu. Umekwenda Matemwe kumuaga bibi yako, mama yako yuko jikoni anakaanga visheti vya kulisha Dar es Salaam nzima, na mimi nimeupata mwanya. Barua hii utaikuta ndani ya mkoba wa kompyuta. Usiisome botini, utatapika. Isome ukishafika kwa shangazi yako, ukishavua viatu.

Sitakuandikia habari ya kufunga pochi wala ya kutokula cha mtu usiyemjua. Hayo mama yako keshakwambia, atakwambia tena kesho bandarini, na boti ikishang'oa nanga atakupigia simu akwambie. Mimi nnataka kusema juu ya usaili wa keshokutwa. Ndiyo, mimi, niliyeishia kidato cha pili, tena hicho cha pili chenyewe nilikisomea dirishani. Usicheke. Katika jumba letu zima hili hakuna mwanamume aliyefanya usaili wa uhandisi wa programu mara nyingi kama mimi. Wewe ulikuwa unajibu tu. Kazi ngumu ya kuuliza ilikuwa yangu.

Jambo lenyewe unalijua, lakini nnaliandika nilione kwa macho. Ukipata, unaanza kazi Jumatatu, na ndiyo maana sanduku ni lile kubwa la harusi ya mama yako. Ukikosa, unarudi na sanduku lilelile, unapanda nalo ngazi hizi na kila mlango uko wazi. Hii ni kampuni ya pili kukuita. Ya kwanza tunajua iliishaje.

Tena nikwambie kitu kimoja kabla hujakisikia kwa mama yako akikitia chumvi. Tangu siku uliposema wamekuita uende mwenyewe, uso kwa uso, nimekufa ganzi. Si huzuni. Huzuni nnaijua, tumekaa nayo. Hii ni kama ile sindano ya kung'olea jino: unaligusa shavu, unajua ni lako, lakini ni kama unagusa shavu la jirani. Watu wananiuliza, "Vipi Mbaraka?" Nnajibu mzaha wangu uleule, wanacheka, na mimi nnawatizama wanavyocheka. Kwa hiyo ukiona barua hii ni kavu, usidhani ni ushujaa.

Sasa turudi siku ile ya kampuni ya kwanza, maana mimi na wewe hatujaizungumza sawasawa.

Ulikaa chumbani kwetu kwa sababu ndiko mtandao unakoshika. Mimi nikajipa kazi ya ulinzi. Michenzani unaijua: huyu anatwanga, yule anakuna nazi, wa chini kawasha mashine ya juisi, na watoto wanateremka ngazi kama magunia yaliyoporomoka. Nikapita mlango kwa mlango.

"Jamani, leo Nasra anahojiwa. Saa nzima hakuna kutwanga."

Bi Time wa ghorofa ya juu akatoa kichwa. "Anahojiwa? Kwani kaiba?"

"Anataka kuwa mhandisi wa programu za kompyuta, Bi Time."

"Basi ungesema hivyo mwanzo, moyo wangu ulishakwenda polisi." Akaulaza mchi wake chini kama anamlaza mtoto.

Wallahi ngazi nzima ilinyamaza. Tangu nizaliwe sijapata kuisikia vile. Mpaka mashine ya juisi ilizimwa, na siku ile jua lilikuwa linauza juisi lenyewe.

Mimi nikasimama nyuma ya pazia la mlango. Maneno sikuyasikia kwa sababu ulivaa vile vidude vya masikioni, lakini kioo cha kompyuta nilikiona. Mistari inapanda, mistari inateremka, mingine buluu, mingine rangi ya machungwa. Nikasema, huyu kweli damu yangu, anaandika kama mimi ninavyosema. Halafu ukafuta. Ukaandika tena. Ukafuta. Mwisho kioo kikawa kitupu, ukashukuru, ukaaga.

Sasa mimi nnajua nini? Ubao ninaoujua ni wa skuli, na ule mwalimu anaufuta somo likishakwisha. Nikatoka ngazini hata vidude hujavivua.

"Vipi?" Bi Time keshateremka nusu ya njia.

"Kamaliza!"

"Kamaliza kweli?"

"Kamaliza mpaka kafuta ubao!"

Mchi ukaanza palepale, sasa kwa furaha. Ikaja sahani ya katlesi, ikaja ya kaimati, wa mashine ya juisi akapandisha jagi zima la ukwaju. Na wasije wana nini? Walinyamaza saa nzima, ushindi ulikuwa na wao ndani yake. Na wewe ukasimama mlangoni unapokea.

"Hongera mwanangu."

"Ahsante, Bi Time."

"Mungu akuzidishie."

"Amin."

Nilikuona unainamisha macho, nikasema hiyo ndiyo adabu niliyomfunza. Siku zote zile uliitikia hongera za watu, na wewe peke yako ulikuwa unajua. Mpaka ilipokuja ile barua pepe. Nilikukuta umekaa ukingoni mwa kitanda, simu iko mapajani.

"Wamesema nini?"

"Wamesema ahsante."

"Ahsante gani?"

"Ahsante ya kuniaga, baba."

"Si ulimaliza wewe?"

"Sikumaliza. Nilifuta."

"Ulifuta kwa nini?"

Na hapo mabega yako yakaruka. Kidogo tu. Mtu mwingine asingeona. Halafu ukanieleza, taratibu, kama unamweleza mgeni njia. Kwamba yule msaili alikuuliza kwa nini umeichagua njia ile, ukajua umekosea, ukafuta, ukaanza upya. Akauliza tena kwa nini, ukafuta tena. Mpaka muda ukaisha.

"Na ulikuwa umekosea?"

"Hapana. Baadaye niliitizama. Ile ya mwanzo ilikuwa sawa."

Ile ya mwanzo ilikuwa sawa. Nimelirudia neno hilo mara nyingi mpaka limekuwa kama ubani wa kutafuna wa juzi mdomoni, halina utamu wala uchungu.

Nimefikiri sana, na mimi si mtu wa kufikiri, unajua, mimi ni mtu wa kusema. Katika nyumba hii "kwa nini" haijapata kuwa swali. Kwa nini umechelewa? Kwa nini mlango uko wazi? Kwa nini huyu mtoto kavaa hivi? Nani alikuwa anataka sababu? Ukianza kutoa sababu unaambiwa unajibizana na wakubwa. Nimeikuta kwa baba yangu hivyo, nikaipokea kama kanzu ya urithi, nikaivaa bila kuipima. Na chuoni kwa maalim Haji, tulikosomea Kurani mimi na wewe pia, ilikuwa vilevile. Unasoma, ulimi ukiteleza, maalim anagonga jamvi kwa kidole mara moja. Unarudi mwanzo wa aya. Hakuna kubishana na kidole kile. Simlaumu, Kurani haisomwi kwa kubahatisha. Lakini wewe umekwenda mbele ya watu wa kompyuta na sikio la jamvini. Kila walipouliza, wewe ulisikia kidole.

Hawa si maalim Haji, Nasra. Hawa wakiuliza "kwa nini", wanapiga hodi tu. Wanapiga hodi na wewe unabomoa nyumba! Wakaribishe. Waambie, nimefanya hivi kwa sababu hii, ningeweza kufanya vile lakini vile kungekuwa na taabu hii. Kama kweli umekosea utajiona mwenyewe wakati unaeleza, na hapo unarekebisha ule mstari mmoja. Mmoja! Hufuti zote. Mtu akikwambia dirisha limekaa upande, unanyoosha dirisha.

Ndiyo nikaanza kukusaili. Nikavaa miwani ya mama yako, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, simu ya maswali mkononi. Unakumbuka siku ya kwanza? Nilisema "kwa nini" na mama yako akapiga kelele kutoka jikoni, "Mbona unamgombeza mtoto wa watu?" Nikajaribu kwa sauti laini, ukasema sasa nnatisha zaidi. Siku nzima nikawa nnajifunza kuuliza neno hilo kama mtu anayetaka kujua. Kwa nini umetia limau? Kwa nini umekaa upande huu? Kwa nini unaipenda kazi hii? Mpaka siku moja ukanijibu bila kuruka mabega, umeinamia kompyuta yako, hata hukunitizama: "Kwa sababu hivi ni rahisi kusoma, na atakayekuja nyuma yangu ataelewa." Mama yako akafuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nikaona ni jibu zuri, nikasoma swali linalofuata.

Habari ya watu wenyewe. Kwenye zile video za usaili ulizonitizamisha huwa wako wawili au watatu. Mmoja ni yule wa kuajiri, anacheka sana. Usikitegemee kicheko chake, wala usikiogope. Mwingine ndiye fundi, mara nyingi kijana, hajachana nywele, na wakati wewe unasema yeye anatizama kioo chake na kubonyeza. Hakuchukii. Anaandika uliyosema. Ukifikiri, fikiri kwa mdomo. Wewe ukifikiri unanyamaza kimya kama kisima, tabia hiyo umeitoa kwa mama yako, mimi nimeikuta. Mimi nimekaa na kimya hicho miaka, nnajua kuwa chini kuna maji. Wao wana saa moja tu, wataona shimo. Basi waambie: sasa nnatizama hapa, sasa nna shaka na hili, ngoja nijaribu hivi. Haina haya. Mimi nimelisha nyumba hii kwa kusema kabla sijafikiri, wewe utashindwa kusema huku unafikiri?

Na usiseme usilolijua. Hapa nisikilize, maana nimesomea.

Ulikuwa tumboni bado. Hoteli moja ya Mbweni ilikuwa inatafuta mtu wa mapokezi, nikavaa shati la mjomba wangu nikaenda. Meneja, mama mmoja mpole, akaniuliza nnajua lugha gani. Nikasema Kiingereza, na Kitaliano cha kuuzia vinyago. Yote kweli. Angeridhika yule mama. Lakini nikamwona anaandika, na karatasi yake bado ina nafasi. Nikaongeza Kijerumani.

"Kijerumani umejifunza wapi?"

"Mama, mimi nimezaliwa Michenzani. Majumba yetu yamejengwa kwa mkono wa Wajerumani."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kazi nikapata. Nilirudi nyumbani nnatembea kama hoteli nimeinunua.

Haukupita muda akaja mzee wa Kijerumani na mkewe. Asubuhi moja mzee kateremka mapokezi, anatetemeka, maneno yanamtoka mfululizo, na wafanyakazi wote wakanigeukia mimi. Mwiteni Mbaraka, Mbaraka anajua. Nikamsikiliza huku nnatikisa kichwa kama mganga. Nikaona anajigusa tumbo. Nikampelekea mkewe chai ya tangawizi. Kumbe bibi wa watu alikuwa anataka dawa yake ya sukari, ile ya kudunga, waliyoiweka kwenye friji la jikoni. Akapatikana mgeni mwingine akafasiri, dawa ikafika, alhamdulillahi hakikuharibika kitu. Meneja hakunipigia kelele. Alisema, "Ungesema hujui, ningemwita mtu mwingine mapema." Basi. Nikateremka barabarani kusubiri usafiri na shati la watu.

Mpaka leo nnaamini wangeniacha mwezi mmoja tu, ningekisema Kijerumani kuliko wao. Lakini ndiyo hivyo. "Sijui" ni neno fupi na limenichukua miaka kulitamka. Wewe ukifika mahali hujui, sema hujui, halafu sema ungeanzia wapi kutafuta. Nnadhani hapo ndipo wanapotega sikio. Mtu anapojua, kila mmoja anamwona. Wanataka kuona unakuwaje ukiwa hujui, maana kazi yenyewe, kwa ulivyonieleza, ni kukaa na usichokijua kutwa nzima mpaka kikubali.

Nilipotoka hotelini nikaingia kwenye kutembeza wageni Mji Mkongwe, na mdomo ukapata kwao. Nilikuwa na hadithi kwa kila mlango. Mlango huu wa bibi harusi wa saba. Misumari hii ya kuzuia tembo wa fulani. Nikiona mgeni kafurahi nnaongeza. Siku moja akaja bibi mmoja mfupi, kavaa kofia ya majani, akaniuliza kwa nini bibi harusi wa saba alipewa mlango. Nikamjibu. Akauliza kwa nini ule na si mwingine. Nikamjibu, jasho linaanza. Akauliza kwa nini basi tarehe iliyochongwa juu ni ya miaka mingi baada ya harusi hiyo. Nikamwambia, twende tukatizame viungo.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyoelewa mimi. "Kwa nini" ya kwanza kila mtu anaijibu. Ya pili mjanja anaijibu. Ya tatu anaijibu aliyefanya kazi mwenyewe. Nilikwambia uongeze kwenye sivii yako lugha mbili tatu za kompyuta kwa kuwa majina yake yanapendeza, ukanitizama tu, hukuongeza. Ulikuwa sahihi. Nnaliandika hili mara moja, usilitegemee tena.

Kuna lile swali lao la kukuambia ujenge kitu kizima kwa mdomo na kalamu. Nilikusomea: jenga mfumo wa kuuzia tiketi. Ukachukua karatasi ukaanza kuchora.

"Ngoja," nikakwambia. "Tiketi za nini?"

"Swali halijasema."

"Basi uliza."

"Nimuulize msaili?"

Ulinitizama kama nimekwambia ufunue chungu cha mwenye nyumba uone kimepikwa nini. Nnaelewa. Kwetu mgeni anakula kilicholetwa. Na mimi siku ile nilijifanya hodari, lakini jibu lilikuwa limeandikwa chini ya swali, nililisoma. Swali wamelikata kusudi. Wanataka ufunue chungu. Tiketi za boti au za mpira? Watu wangapi? Mkesha wa Idi, Unguja nzima na Pemba nzima wakibonyeza kiti kimoja pamoja, nani anakipata, na aliyekosa anaambiwa nini? Ulipoanza kuuliza hivyo ukachora visanduku na mishale mpaka karatasi ikajaa, na mimi nikakaa kimya kwa muda mrefu hivi kwamba mama yako alikuja kutizama kuna nini.

Watakuuliza pia ulikosana lini na mwenzako. Usiseme hujapata kukosana na mtu. Hakuna atakayeamini, na umelelewa na mimi. Simulia ile ya mwenzako wa chuo kikuu aliyekuwa hataki kazi yake ikaguliwe. Na sema pale ulipokosea wewe, kwa sababu ulikosea, ulimnunia mwezi mzima.

Mwishoni kabisa watakuuliza kama una swali kwao. Hapo ndipo mtoto wa Kizanzibari anaposema, "Sina, ahsante," kama kakaribishwa chakula. Usiseme nshashiba, Nasra. Una njaa. Waulize nani atakufundisha ukikwama. Waulize mtu akiharibu kitu kikubwa pale, siku ya pili yake inakuwaje. Jibu la hilo litakwambia kama pana maalim Haji au hapana.

Na wakisema watakupigia, wanaweza kukupigia, wanaweza wasipige. Usikae na simu kama yai.

Safari hii sijamwambia mtu. Soma tena: mimi, Mbaraka, sijamwambia mtu. Nimesema unakwenda kumtizama shangazi yako, na kweli utamtizama, yuko hapohapo. Leo Bi Time kanikuta ngazini.

"Nasra anakwenda Dar?"

"Kwa shangazi yake."

"Mbona sanduku kubwa?"

"Ukubwa wa sanduku si ukubwa wa safari, Bi Time."

Akasubiri niendelee. Sikuendelea. Akanitizama juu mpaka chini. "We Mbaraka, unaumwa?"

Nikamwambia siumwi. Akapanda zake, akasimama, akageuka. "Basi akifika atupe salamu. Na mimi jioni sitwangi, alale mapema, boti ya asubuhi inachosha." Sijui kajua nini. Sijamwambia. Lakini mpaka sasa sijausikia mchi wake.

Ukipata, usinipigie mimi kwanza. Mpigie mama yako. Mimi nikilishika neno hilo nikiwa barabarani, litafika Mkunazini kabla sijakata simu. Ukikosa, piga yeyote, au usipige, njoo tu. Hutamkuta mtu mlangoni na sahani. Hilo nnaliweza.

Radhi yangu unayo. Nimetafuta maneno ya kuipamba sikuyapata, ichukue ilivyo.

Magharibi leo nimeswali hapa nyumbani. Nilipomaliza nikanyanyua mikono nikuombee, na mdomo huu uliouza milango isiyokuwa yangu haukupata la kusema. Nikiomba upate, nnaomba chumba chako kikae kitupu mpaka Idi, na Idi yenyewe uje kama mgeni, uulize sukari inawekwa wapi siku hizi. Nikiomba ukose, mimi nitakuwa baba wa namna gani? Nikakaa na mikono wazi, mabega yakachoka, na bado nilikuwa kama mtu anayesubiri zamu ya mwenzake. Halafu nikasema kwa sauti, kama ninavyomwita mtu wa chini kutoka dirishani: Mola wangu, Nasra apate. Apate, akae hukohuko.

Ganzi haikuondoka. Nilidhani itaondoka, haikuondoka. Jikoni mafuta yalikuwa yanalia juu ya moto, nikadhani mama yako hajasikia, na nikaona afadhali. Kumbe alikuwa kasimama na kijiko mkononi. Nilimsikia akiuzima moto.

"Amin," akasema.

Baba yako,
Mbaraka